‘Sugu’ si ‘mkali’: Neno moja la Kiingereza linavyoficha sura tatu za mcheza gemu

Wacheza gemu wa mtandaoni wana maneno mawili ya Kiingereza wanayougawanya nayo ulimwengu wao: ‘casual’ na ‘hardcore’. La kwanza hutamkwa kama tusi, la pili huvaliwa kama nishani. Vijana wetu wanaocheza kwa simu na kompyuta wameyarithi yote mawili jinsi yalivyo. Nao waandishi na wafasiri, kila wanapotakiwa kuyaleta katika Kiswahili, hukimbilia ‘mchezaji wa kawaida’ na ‘mchezaji sugu’, wakaona kazi imekwisha.

Haijaisha. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba neno ‘hardcore’ limebeba angalau mambo matatu ambayo Kiswahili kina mazoea ya kuyatenganisha, na kwamba mchanganyiko huo umezua mgogoro wa kweli kuhusu nani anastahili kufurahia mchezo aliolipia.

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji aliyewahi kujenga nyumba analijua kwa maana nyingine kabisa. Yale mawe na vifusi vinavyomwagwa na kushindiliwa kabla ya zege kutandazwa huitwa ‘hardcore’, na mafundi wa mjengo hulitamka kwa lafudhi yetu kama ‘hadikoo’. Maana hiyo ya vifusi ni ya kale katika Kiingereza cha Uingereza. Baadaye neno likapanuka hadi kwa watu: kundi lililo katikati ya jambo, lisiloyumba, linalobaki hata wengine wakitoka. Kwa hivyo, katika asili yake, mtu ‘hardcore’ si lazima awe hodari. Ni yule tu ambaye hatikisiki.

‘Casual’ nalo lina kisa chake. Kenya nzima inajua kwamba mfanyakazi anayeitwa hivyo kwa Kiingereza ndiye kibarua, jina lililotokana na ile barua ndogo, yaani kikaratasi, aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Lakini angalia Kiswahili kilivyolipeleka neno hilo mbali. Fungua kurasa za michezo za gazeti hili na hutakosa kusoma kwamba timu fulani ina ‘kibarua kigumu’ ugenini. Kazi ya mtu wa kutwa, ambayo Kiingereza huiona kama jambo la kupita, kwetu imekuwa kipimo cha ugumu. Sidhani kwamba hilo ni ajali. Aliyewahi kubeba mawe kwa siku moja tu anajua kwamba ufupi wa muda hauondoi uzito wa mzigo.

Sasa tuliangalie ‘sugu’, kipenzi cha wafasiri. Kamusi zinatuambia kuwa sugu ni sehemu ya ngozi iliyokuwa ngumu kwa sababu ya kusuguliwa mara kwa mara, kama vile kiganjani mwa mkulima au kisiginoni mwa mtu asiyevaa viatu. Uhusiano wake na kitenzi ‘sugua’ uko wazi. Kutokana na maana hiyo tunasema ‘ugonjwa sugu’, ‘mdaiwa sugu’, ‘mwizi sugu’. Katika mifano hii yote kinachotajwa ni muda na kurudiarudia. Mwizi sugu anaweza hata kuwa mwizi hovyo, na pengine ndiyo sababu tunamjua kwa jina: anakamatwa kila mara.

Umahiri tunautaja kwa neno jingine. Kisu ni kikali, na mtu ni mkali: mkali wa hesabu, mkali wa rapu, mkali wa chenga. Hapa hakuna anayeuliza umekaa miaka mingapi kazini. Sheng imefika papo hapo kwa njia yake. ‘Noma’, neno lililotaja matata na ugumu, limegeuka kuwa sifa, na ‘mnoma’ ni yule ambaye kumshinda ni shida.

Halafu kuna ‘kindakindaki’. Mfuasi kindakindaki wa chama au shabiki kindakindaki wa timu anasifiwa kwa uhalisi wake, kwa kuwa wa ndani kabisa. Anaweza asijue kupiga mpira hata kidogo.

Tuna basi vipimo vitatu. Sugu ni wa muda, mkali ni wa uwezo, kindakindaki ni wa kuhusika. ‘Hardcore’ ya wacheza gemu inavikusanya vyote mfukoni mmoja, na anayejiita hivyo huchagua kimoja kulingana na hoja anayotaka kushinda. Ukimwambia kuwa hachezi vizuri, atakutajia saa alizocheza. Ukimwambia kuwa hana kazi nyingine, atakutajia mazimwi aliyoyaua.

Mfano ninaouona bora zaidi wa mkanganyo huu ni gemu ya World of Warcraft, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mnamo Novemba 2004. Kwa msomaji asiyeifahamu, ni ulimwengu wa kubuni ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake anayekua ngazi kwa ngazi. Katika toleo la mwanzo ngazi ya juu ilikuwa ya 60. Ukifika huko, mchezo haukuisha, bali ndipo ulipoanza. Kulikuwa na mapango na ngome zenye mazimwi makubwa ambayo hayangeweza kuuawa na mtu mmoja wala watano. Ngome kama Molten Core ilitaka watu 40, waingie pamoja, usiku uleule, kila mmoja akijua kazi yake.

Hebu fikiria maana ya kuwakusanya watu 40. Huyu anatoka kazini saa kumi na mbili, yule ana mtoto mgonjwa, mwingine intaneti yake imekatika. Ugumu wa kwanza haukuwa wa zimwi, bali wa kuitisha mkutano. Ugumu wa pili ulikuwa wa maandalizi. Kabla ya vita, mchezaji alihitaji dawa, vyakula na mavazi ya kumkinga, na ili kuvipata alilazimika kuzunguka porini akiua wanyama walewale na kuchuma mimea ileile kwa saa nyingi. Wenyewe kwa Kiingereza huiita kazi hiyo ‘kulima’, nami sioni haja ya kutafuta neno jingine, kwa sababu ni jembe tupu. Zimwi lenyewe lilikuja mwisho, na mara nyingi jukumu la kila mmoja mbele yake lilikuwa jepesi: simama hapa, ukimbie pale, bonyeza hiki.

Mnamo Juni 2006 Blizzard ilifungua ngome ya Naxxramas, iliyokuwa kilele cha ugumu katika toleo hilo. Januari 2007 toleo jipya likatoka, ngazi ya juu ikapanda, na ngome hiyo ikaachwa nyuma. Ni wachache mno walioimaliza. Wengi hawakuwahi hata kuiona ndani, ingawa walikuwa wakilipa ada ya kila mwezi sawa na waliofika. Kampuni nayo ililiona hilo. Katika toleo la 2007 ngome zikatengenezewa watu 25 na watu 10. Mwishoni mwa 2008 Naxxramas yenyewe ikarejeshwa, safari hii kwa watu 25 au 10, na ikiwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Mwishoni mwa 2011 ukaja mtambo wa kuwaunganisha wachezaji wasiojuana: unajiandikisha, unasubiri, mashine inakutafutia wenzako, mnaingia kwenye toleo jepesi la ngome.

Hapo ndipo ugomvi ulipopamba moto. Wachezaji wa zamani walilalamika kwamba mchezo umefanywa rahisi ili kuwaridhisha ‘casual’.

Neno ‘rahisi’ linastahili kuangaliwa kwa makini. Tumelitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha bei ya chini, na maana hiyo bado tunayo: ‘viatu vya bei rahisi’. Lakini pia tunasema ‘mtihani rahisi’, yaani usio mgumu. Neno moja, maana mbili, kila moja na kinyume chake: kinyume cha bei rahisi ni ghali, kinyume cha mtihani rahisi ni mgumu. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kwamba gemu imekuwa ‘rahisi’, ana haki ya kuuliza: rahisi kwa maana ipi?

Nikichunguza malalamiko yale, naona kwamba sehemu kubwa ilihusu bei. Waliodhani wanautetea ugumu walikuwa wakitetea ughali. Upanga ambao mtu aliupata kwa kutoa majioni yake ya miezi sita sasa ulipatikana kwa majioni machache. Thamani yake ilishuka kama vile thamani ya shati inavyoshuka unapomkuta kila mtu mtaani amelivaa. Sisemi kuwa uchungu huo ni wa uongo. Aliyelipa ghali ana haki ya kununa bei inaposhuka kesho yake. Ila asituambie kwamba shati lile lilikuwa gumu kulivaa.

Ushahidi ulijileta wenyewe miaka mingi baadaye. Agosti 2019, Blizzard iliifufua World of Warcraft ya zamani, kwa jina la Classic, ili wenye hamu ya ugumu wa kale waupate tena. Katika toleo la awali ilichukua miezi kadhaa kabla ya kundi lolote duniani kumwangusha Ragnaros, zimwi la moto lililotawala Molten Core. Katika Classic aliangushwa kabla ya wiki moja kwisha, na katika wiki hiyo ndimo kundi lililomuua lilikuwa limepanda kutoka ngazi ya 1. Ni kweli kwamba wahusika wa Classic walikuwa na nguvu za toleo la mwisho la 2006, si zile za siku ya kwanza, na hilo liliwasaidia. Lakini lililobadilika zaidi ni maarifa. Kila kona ya mchezo ilikuwa imeshachorwa ramani. Ugumu ambao ulikumbukwa kwa miaka 15 kama wa panga na mikono ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa kutojua na wa kukosa muda.

Mfumo wa vyeo vya vita kati ya wachezaji, ulioanzishwa 2005, ulikuwa wazi zaidi. Ulikuwa na vyeo 14, na kupanda kwako kulitegemea alama ulizokusanya kwa wiki ukilinganishwa na wenzako wa seva hiyohiyo. Ukipumzika, unateremka. Mfumo wa namna hiyo haumtafuti mkali, unamtafuta asiyelala. Matokeo yake, wapo waliopokezana akaunti moja, huyu akicheza mchana na mwingine usiku, jambo ambalo sheria za mchezo zilikataza. Cheo cha juu kabisa kikawa cha mtu mmoja kwa jina na cha watu watatu kwa jasho. Kama kuna mahali neno ‘sugu’ linakaa barabara, ni hapo. ‘Mkali’ lingekuwa la kubahatisha.

Kwa upande wa pili, yule anayeitwa ‘casual’ naye si mtu mmoja. Mtafiti wa michezo ya kompyuta Jesper Juul, katika kitabu chake cha 2010 kiitwacho A Casual Revolution, alionyesha kwamba wengi wanaotiwa katika kundi hilo hucheza kwa saa nyingi na hawaukimbii ugumu hata kidogo. Tofauti, alisema, iko katika unyumbufu wa mchezo: je, unakubali kukatizwa? Gemu ya kupanga vito kwenye simu inaweza kukutoa jasho, lakini kondakta akidai nauli unaiweka mfukoni na hakuna kinachoharibika. Ngome ya watu 40 haina ruhusa hiyo. Ukitoka dakika tano kumtuliza mtoto, watu 39 wanakusubiri, na pengine kesho hawakuiti. Kwa hivyo mama anayepanga vito saa tatu kwa siku, akiwa amefika ngazi ambayo wewe na mimi hatutaifikia, ni ‘casual’. Naye kijana anayekaa nyuma ya kundi la watu 40 akibonyeza kitufe kimoja ni ‘hardcore’. Kiswahili kingesema bila kusita kwamba mama huyo ni mkali na kijana yule ni sugu.

Tena si mara ya kwanza kwa lugha yetu kukutana na suala hili. Wachezaji wa bao wa pwani walilitatua zamani, bila kumtukana mtu. Kuna bao la kiswahili, ambamo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja katika hatua ya kunamua kabla ya kufika kwenye mtaji. Na kuna bao la kujifunza, ambamo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, na hatua ile ya kwanza, yenye mitego mingi, inaachwa. Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Tazama majina yalivyopangwa: ‘kujifunza’ kunataja mahali mtu alipofika safarini, wala si aina ya mtu. Na anayefika mbali huitwa fundi au bingwa. Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar katika utafiti wake uliochapishwa 1995, aliandika juu ya umahiri wao, yaani kumbukumbu zao na uwezo wao wa kuhesabu mienendo ya kete kichwani. Kuwa mtu wa barazani kila jioni hakukufanyi kuwa fundi. Kila baraza ina mzee aliyecheza miaka arobaini na bado hufungwa na vijana, na hakuna anayemwita bingwa kwa heshima ya saa zake.

Vibanda vya PlayStation mitaani mwetu vina desturi inayokaribiana na hiyo. Mtu analipia mechi, aliyeshindwa anampisha mwingine, mshindi anabaki kwenye kiti. Pale muda ni pesa kwa maana halisi kabisa, kwa hivyo hakuna anayejigamba kuwa amecheza saa elfu moja. Angechekwa. Kinachosemwa ni nani aliyemfunga nani, na ngapi. Huo ni uwanja wa ukali mtupu.

Ukitoka kibandani na kuingia mtandaoni, kipimo hubadilika, nacho kinamwonea mchezaji wa hapa. Gemu kama World of Warcraft haina seva barani Afrika, na anayecheza akiwa Kenya kwa kawaida hutumia za Ulaya. Amri yake inasafiri hadi huko na jibu linarudi, na kuchelewa huko, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, kunatosha kumfanya asimame ndani ya moto ambao mwenzake wa Ujerumani ameshauruka. Ongeza bando linaloisha katikati ya vita na stima inayopotea bila hodi. Huyu, hata awe na vidole vya dhahabu, makundi makubwa hayatamwamini na nafasi ataikosa. Ataitwa ‘casual’. Nasi tukilitafsiri jina hilo kama ‘mchezaji wa kawaida’, tumethibitisha kwa Kiswahili sanifu kwamba uwezo wake ni wa kawaida, ilhali kilicho cha kawaida ni waya wake.

Hivyo basi, pendekezo langu kwa wafasiri ni kuacha kutafuta neno moja. Habari ikihusu saa, waandike ‘mchezaji sugu’, na kinyume chake ‘mchezaji wa kupitisha wakati’ au ‘wa mara mojamoja’. Ikihusu uwezo, waandike ‘mkali’ au ‘fundi’, na kinyume chake ‘mwanagenzi’, neno zuri tulilolisahau karibu kabisa. Ikihusu mapenzi na utambulisho, ‘kindakindaki’ lipo. Sentensi zitarefuka kidogo, na mwandishi atalazimika kujua anachosema kabla hajakisema.

Inabaki matumizi moja ya ‘hardcore’ ambayo yana maana mahususi na hayagombaniwi. Tangu Diablo II ya mwaka 2000, gemu nyingine ya Blizzard, neno hilo limetumika kutaja namna ya kucheza ambamo mhusika akifa, amekufa. Agosti 2023 World of Warcraft Classic nayo ikafungua seva za aina hiyo. Unaweza kumkuza mhusika kwa miezi, kisha samaki mmoja wa ziwani akamaliza kila kitu. Hapa ugumu wa zimwi haukubadilika hata chembe. Kilichoongezwa ni hofu. Intaneti ikikatika ukiwa vitani, hilo ni kaburi lako. Hata hivyo, Machi 2025, baada ya seva hizo kushambuliwa kimakusudi na wahusika wengi kufa bila kosa lao, kampuni ilitangaza kwamba itawafufua wanaouawa na mashambulizi ya aina hiyo. Anayeuawa na umeme wa nyumbani kwake hakutajwa.

Kuna anayependekeza ‘seva za kufa kupona’. Inavutia masikioni, ila mle ndani kupona hakumo. Waswahili husema paka ana roho saba, na katika gemu za kawaida kila mchezaji ni paka. Basi hizi nyingine ziitwe seva za roho moja.